Wosia, Wasii na Hati: Juu ya Lugha ya Kurithishana Ardhi

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza, katika Tangazo namba 436, sheria za mila juu ya urithi na wosia kwa jamii zifuatazo ukoo wa baba. Mkusanyaji wake mkuu, Hans Cory, alikuwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla yake. Wanasheria wameyajadili sana maandishi hayo, na wengi wameyalaumu, hasa kwa jinsi yalivyomweka mwanamke nyuma katika urithi wa ardhi. Wajuzi wa lugha, kwa upande wao, wameyapita kama mtu apitaye mbele ya ofisi isiyomhusu. Nadhani wamekosea. Sehemu ile yenye Sheria za Wosia, katika maandishi yake ya Kiswahili, ni nathari yenye kazi nzito kuliko riwaya nyingi tunazozihakiki: kwa maneno yake shamba hutoka katika jina la marehemu likaingia katika jina la aliye hai, na ndugu waliokuwa wakila sahani moja huanza kuonana mahakamani.

Yafaa basi tuyasome kama tusomavyo maandishi mengine, tukiuliza ni neno gani lililochaguliwa, lipi lililoachwa, na msomaji aliyekusudiwa ataelewa nini. Wosia unapobishaniwa, watu hupenda kusema kwamba chanzo ni tamaa. Huenda ikawa hivyo. Walakini tamaa haina mlango wa kuingilia mahali ambapo maneno yamefungwa vema, na katika jambo hili milango mingi imeachwa wazi.

Tuanze na sifa, maana zipo. Sentensi za sheria hizi ni fupi. Hazina ule mkia mrefu wa vishazi ambao wafasiri wa sheria wa siku za baadaye wameuzoea. Wosia waweza kuwa wa mdomo au wa maandishi. Wa mdomo wataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, ikiwa mwenyewe ajua kusoma na kuandika, wataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Ikiwa hajui, wanne. Mwenye kuusia akitaka kumnyima mrithi fungu lake, sharti aseme waziwazi na atoe sababu, nazo sababu zenye kukubaliwa zatajwa: kuzini na mke wake, kujaribu kumwua, kumtupa katika njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Tena aliyenyimwa ana haki ya kujitetea. Hayo yote mzee wa kijijini aliyesomewa mara moja huweza kuyakariri jioni kwa jirani yake.

Neno "watu baki" nalipenda hasa. Halikutungwa mezani. Ndilo neno ambalo watu wenyewe huliita jamaa lisilo la damu, nalo lasimama kinyume cha "ukoo" bila ya kuhitaji maelezo. Lakini hapo hapo ndipo shida ya kwanza ilipojificha. Mke je, ni wa ukoo au ni mtu baki? Katika jamii ambazo mtu haoi ndani ya ukoo wake, mke ni wa ukoo wa baba yake, wala ndoa haimgeuzi. Hata hivyo hakuna atakayethubutu kumwita mtu baki mwanamke aliyekaa nyumba ile miaka arobaini. Watunzi waliliona pengo hilo. Ndiyo sababu waliweka sharti la pekee kwamba mke au wake waliopo nyumbani wakati ule washuhudie pamoja na wengine. Sharti ni zuri. Lakini lamweka mke pembeni ya mgawanyo wa makundi mawili, mtu wa tatu asiye na jina. Naye ndiye aghalabu wa kwanza kuulizwa kama wosia ule ni wa kweli.

Sasa tulitazame neno lenyewe, wosia. Pwani husema wasia, na katika tungo za zamani twapata wasiati. Asili yake ni Kiarabu, na kitenzi chake kwetu ni kuusia. Maana yake ya kwanza haina habari ya mali. Kuusia ni kuagiza na kunasihi kwa uzito, hasa kwa mtu anayeona safari yake imekaribia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa bintiye, nao unajulikana kwa mashauri yake ya dini na unyumba. Hapana asomaye akatafuta humo mipaka ya kiunga. Maana hiyo haijafa. Baba akiwaita wanawe akasema, "Nawausia mpendane," wote waelewa kwamba hakuna kilichogawiwa.

Katika fikihi ya Kiislamu neno hilo lina maana ya pili, ya mali, nayo ina mpaka wake unaojulikana: mtu hausii zaidi ya theluthi ya mali yake, na mrithi hausiwi ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Sehemu nyingine zimekwisha kugawiwa na sheria yenyewe. Kwa hiyo mzee wa Tanga au Bagamoyo alisikiapo "wasia" husikia na theluthi ndani yake, hata kama hakuna aliyeitaja. Sheria za 1963 zililichukua neno hilo hilo likapandishwa bara, likapewa kazi ya tatu. Theluthi ikaachwa, mashahidi wa ukoo na wa watu baki wakaongezwa, na mrithi, ambaye pwani hausiwi bila ya ridhaa, akawa ndiye hasa mwenye kuusiwa. Neno likawa moja na sheria mbili, katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja ambamo baba ni Mwislamu na ukoo wake wafuata mila. Mahakama hulazimika kwanza kuuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani ndipo ijue neno alilolitumia lilikuwa na maana ipi. Huenda mtu akashauri kwamba tutenge tahajia, "wasia" iwe ya Kiislamu na "wosia" ya kimila. Sioni faida. Irabu moja haiwezi kubeba mzigo huo, na karani wa mahakama ataiandika kama anavyotamka kwao.

Jambo lenye hatari zaidi ni kwamba maana zile mbili, nasaha na mgawo, hukaa katika karatasi moja na mara nyingi katika sentensi moja. Tutunge mfano. Mzee aandika: "Shamba langu la bondeni namwachia mwanangu mkubwa alitunze." Mbele ya Msajili wa Hati, mwana mkubwa atasema kwamba "namwachia" ndilo tendo, na "alitunze" ni nasaha tu, kama "mpendane". Wadogo zake watasema kwamba "alitunze" ndiyo sababu na kipimo cha kuachiwa: amewekewa amana, hakupewa. Kila upande una sarufi yake. Kitenzi chenye -e kikifuata kitenzi kikuu huweza kueleza lengo la tendo, nacho huweza kuwa amri ya pembeni. Mzee angesema kwa mdomo tungejua kwa kituo cha sauti yake, lakini karatasi haina kituo hicho. Na kitenzi "kuachia" chenyewe ni cha mashaka. Naweza kukuachia ufunguo nikisafiri, nikaukuta nirudipo; naweza kukuachia nyumba nisirudi tena. Angaliandika "nampa", au "namrithisha", ubishi ungalipungua. Wazee hawapendi "nampa" katika mambo ya ardhi ya ukoo, kwa kuwa katika fikira zao ardhi ile hawana mamlaka ya kuitoa kama kuku. Wanachagua neno laini kwa heshima, na ulaini wa neno ndio unaowagombanisha watoto.

Tuchukue mfano mwingine, ambao nimesikia mithali yake zaidi ya mara moja: "Nyumba na shamba vibaki kwa atakayebaki nyumbani." Kiswahili hakina jinsi katika nafsi ya tatu, hiyo a- ni ya mwanamume na ni ya mwanamke. Basi binti asiyeolewa, au aliyeachika akarudi kumtunza baba yake, ndiye aliyebaki nyumbani kwa ushahidi wa macho. Ndugu zake walio mjini watasema kwamba kwa mila "kubaki nyumbani" hunenwa kwa mtoto wa kiume, kwa kuwa wa kike hutazamiwa kuondoka. Hapo sarufi imempa binti haki, na mazoea yataka kumnyang'anya. Mhakiki wa lugha ana neno la kusema kortini katika shauri kama hilo, lakini sijaona akiitwa. Kadhalika "wanangu wote": watoto wa ndugu yangu ni wanangu, nao huniita baba, na neno "ndugu" lina upana ambao hakuna daftari la ardhi liwezalo kuuingiza katika mstari mmoja.

Na daftari lataka jina moja, au majina kadha yaliyo wazi. Hapo twatoka katika lugha ya mzee twaingia katika lugha ya ofisi.

Chini ya sheria ya uandikishaji wa ardhi, iliyotungwa mwaka 1953 na ambayo ingali ndiyo msingi Tanzania Bara, mwenye ardhi akifa jina lake haliruki moja kwa moja mpaka kwa mrithi. Kwanza huandikwa jina la mwakilishi wake wa kisheria mahali pake, baada ya kuleta uthibitisho wa mahakama. Ndipo mwakilishi huyo, akiisha kulipa madeni na kujua fungu la kila mmoja, huwahamishia warithi. Ni hatua mbili zilizo mbali, na sheria huzitenga kwa makusudi: mtu wa hatua ya kwanza ni mshika mkono tu. Wosia unaobishaniwa hubishaniwa hasa katika nafasi iliyo baina ya hatua hizo.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno la mtu huyu, nalo ni wasii. Wasii ni yule ambaye marehemu mwenyewe alimteua auangalie wasia wake; latoka katika shina lile lile la wasia, hivyo kila alisikiaye ajua mamlaka ya mtu huyu yametoka wapi. Yule ambaye hakuteuliwa na marehemu, akawekwa na mahakama kwa kuwa hapakuwa na wasia au wasii alikataa, ni mtu mwingine. Sheria ya mirathi iliyotungwa kwa Kiingereza huwatenga wawili hawa kwa majina mawili. Kiswahili cha mahakama zetu leo chawaita wote "msimamizi wa mirathi".

Sababu ya kupungua huko yajulikana, nayo haina ubaya. Mahakama za mwanzo, ambazo ndizo zinazosikiliza mambo ya mirathi ya watu wengi na kwa Kiswahili, hazitoi uthibitisho wa wosia. Huteua msimamizi, zikiangalia matakwa ya marehemu kama yapo. Kwa kazi hiyo jina moja lilitosha. Lakini lugha ya mahakama ya mwanzo ndiyo iliyopanda juu na kuenea nje, na pamoja nayo tofauti ile imezama. Matokeo yake huonekana wosia ukianguka. Wosia ukibatilishwa, kwa mfano kwa kuwa mashahidi wote walikuwa wa ukoo na hakuna mtu baki, wasii hana tena pa kusimama, maana alisimama juu ya karatasi ile. Aliyewekwa na mahakama kwa njia nyingine huweza kubaki. Waambie hayo wanaukoo kwa neno "msimamizi" peke yake, uone watakavyokutazama. Watauliza: amekuwaje msimamizi jana na leo si msimamizi, hali karatasi ya mahakama ile ile yasema msimamizi?

Tena neno "kusimamia" limeharibiwa na matumizi ya kila siku. Msimamizi wa shamba alikuwa mtu mkubwa juu ya vibarua. Msimamizi wa shule, wa mradi, wa uchaguzi, wote ni wakubwa wa mahali pao. Mtoto wa kwanza akitajwa msimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha ukoo ukatiwa sahihi, wadogo zake husikia kwamba amewekwa juu yao, naye husikia hivyo hivyo. Wachache husikia kwamba amewekwa chini yao, mtumishi wao wa kutoa orodha ya mali na hesabu. Kanuni za mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zamtaka atoe vyote viwili. Neno halimkumbushi.

Kisha jina lake laandikwa katika hati. Neno "hati" nalo lastahili kutazamwa. Kwa Kiarabu asili yake ni mstari na mwandiko, na sisi bado twasema mtu fulani ana hati nzuri, yaani mwandiko mzuri. Kwa hiyo katika shauri moja mna hati mara mbili: hati ya mkono wa marehemu, ambayo upande mmoja wasema si yake, na hati ya Serikali, ambayo kila mmoja aikubali kwa sababu ya mhuri. Ya pili yaitegemea ya kwanza, lakini machoni pa watu ya pili huifuta ya kwanza. Wakisema "hati imebadilishwa," mambo yamekwisha. Jina lililomo ndilo la mwenye mali. Maneno yale machache yanayofuata jina, yasemayo kwamba ameandikwa kwa cheo cha mwakilishi wa marehemu, hakuna ayasomaye. Mnunuzi anayekuja na fedha zake hasomi zaidi ya jina. Baadaye hushangaa kuona binti wa marehemu akisimama mpakani na pingamizi la mahakama mkononi.

Twasema pia "kuhamisha ardhi", na mimi mwenyewe nimelitumia hapa. Kuhama ni kutoka mahali kwenda mahali, na ardhi ndicho kitu kimoja kisichohama. Kinachohama ni jina. Hata "umiliki" watumika kwa uzembe. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma na imewekwa chini ya dhamana ya Rais. Milki huru zilizokuwako ziligeuzwa kuanzia mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliushika msingi huo. Anachorithi mtu ni haki ya kukalia na kutumia. Watu wenyewe husema "shamba langu" na hawakosei, kwa kuwa -angu ya Kiswahili haijapata kudai milki kamili: nasema mji wangu, mwalimu wangu, mvua yetu ya mwaka huu. Ni waandishi wa ofisi walioigeuza -angu kuwa "mmiliki" bila ya kuuliza.

Uzito wa kitenzi kimoja ulidhihirika katika shauri lililotoka wilaya ya Muleba, likaamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu ya Mwanza mwezi Februari 1990. Mwanamke alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake wa ukoo akashitaki. Wosia wenyewe ulikuwa halali. Kilichobishaniwa ni nini alichokipokea alipo"rithi". Kwa sheria za 1963 mwanamume akirithi ardhi ya ukoo aweza kuiuza kwa masharti. Mwanamke akirithi hupewa kuitumia katika uhai wake tu, wala hauzi, isipokuwa hakuna mwanamume katika ukoo ule. Mahakama ilisema ubaguzi huo wapingana na haki zilizowekwa katika Katiba mwaka 1984, na mauzo yakasimama.

Wengi wameusifu uamuzi huo kwa upande wa haki, nami ni mmoja wao. Mimi nauona vilevile kuwa ni uamuzi juu ya lugha. Sheria za 1963 zilitumia kitenzi kimoja, kurithi, kwa mambo mawili yasiyofanana, zikategemea jinsi ya mrithi kumwambia msomaji ni jambo lipi. Kama watunzi wangeandika kwa uaminifu, wangesema kwamba mwanamume hurithi na mwanamke huazimwa. Hawakuandika hivyo, pengine kwa kuwa sentensi hiyo ingewaaibisha. Neno "hurithi" likabaki kumfunika mwenye kuazimwa, mpaka mwanamke mmoja alipolichukua kwa maana yake kamili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, ilipoombwa katika shauri jingine izifute kanuni hizo za urithi, ilikiri kwamba zabagua lakini haikuzifuta. Kitenzi kile bado kina maana mbili.

Profesa A. B. Weston aliandika mwaka 1965, katika jarida la Swahili, juu ya matatizo ya kukifanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na mwaka 1968 ikatoka orodha yake ya istilahi. Kazi hiyo ilipata haraka mpya mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wafasiri wana mengi mbele yao, na sitaki kuwaongezea madai. Nina mawili tu. La kwanza, neno wasii lirudishwe kwa yule aliyeteuliwa na marehemu, na msimamizi abaki kuwa yule wa mahakama. Najua litasemwa kwamba wasii lanuka Uislamu, na Mhaya au Mnyaturu hatalipokea. Jawabu langu ni kwamba wosia, mirathi, urithi, hati na miliki vyote vilipitia mlango huo huo, na hakuna aliyevikataa. La pili ni dogo zaidi. Katika daftari, jina la mshika mkono lisiandikwe kwanza na cheo chake baadaye kwa herufi ndogo. Litangulie jina la marehemu, kisha "mikononi mwa", kisha jina lake. Mnunuzi asomaye neno la kwanza tu atakuta jina la maiti, naye atauliza.